Bunia: Vazi la kwanza la fundi mchanga lisisifiwe kwa huruma

Bunia, Ituri. Msichana anayejifunza kushona anapomaliza nguo yake ya kwanza, mambo huenda karibu namna moja kila mara. Anaipiga pasi ya makaa, anaivaa mwenyewe au anamvalisha mdogo wake, anapigwa picha mbele ya ukuta, na picha inaingia katika kundi la WhatsApp la familia, la kanisa au la watu wa kijiji walichokimbia. Chini yake anaandika maneno machache: hii ndiyo ya kwanza, niambieni mnaionaje. Majibu hayakawii. Mikono ya makofi, mioyo myekundu, "hongera mtoto wetu", "Mungu akuinue", "sasa tumepata fundi". Kati ya watu arobaini hakuna hata mmoja anayesema kwamba bega la kushoto liko juu kuliko la kulia.

Na bega linaonekana.

Huyo msichana aliuliza swali, akajibiwa kwa baraka. Baraka ni kitu kizuri, lakini haimwambii la kurekebisha kesho asubuhi akirudi kwenye mashini. Kwa familia nyingi zilizokimbia kutoka Djugu, Irumu na Mahagi, swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana kwenye simu. Aliyeacha shamba la mihogo na ng'ombe kijijini hawezi kuvileta Kigonze, wala kwenye nyumba ya ndugu aliyempokea Mudzipela. Ufundi wa mkono unabebeka. Ndiyo sababu wazazi wengi, hata wasio na uhakika wa chakula cha jioni, wanakubali binti yao aende kukaa siku nzima mbele ya mashini ya miguu.

Sokoni ni hadithi nyingine. Mama anayenunua nguo katika soko kuu haulizi kama iliyeishona ni mhamaji wa vita, kama alilala vizuri, kama alijifunza kwa miezi sita au miaka minne. Anashika kitambaa, anavuta mshono, anatazama bei. Pembeni kuna lundo la nguo za baloti zilizovaliwa kwanza Ulaya, zimeshonwa kiwandani, mishono imenyooka, na bei yake mara nyingi iko chini ya bei ya kitambaa kipya peke yake. Fundi mchanga anaingia katika mashindano hayo bila kujulishwa. Wanaompenda wanamwambia kwamba ameshashinda.

Wengi wanaonyamaza juu ya kasoro wana sababu yao, na sababu hiyo si mbaya. Wanasema: huyu mtoto ameona mengi, ameona nyumba ikiungua, mwacheni afurahi kidogo. Ni kweli kwamba kuna siku ambapo kumaliza kitu chochote, hata kipindo cha leso, ni ushindi kwa mtu aliyepoteza kila kitu. Ila huruma ya namna hiyo ina upande wake wa pili. Inamwambia mhamaji kwamba kwake kipimo ni kidogo, kwamba kwake inatosha kujaribu. Fundi wa mjini akikosea kola, wateja wanamrudishia nguo na kelele juu. Mhamaji akikosea kola ileile, anapigiwa makofi. Heshima iko wapi hapo?

Na ukweli ataupata tu, ila ataupata kwa mteja. Mteja hafundishi. Analipa nusu, anachukua nguo, anasema asante, harudi tena. Fundi mchanga anabaki akijiuliza kama ni bei, ni kabila lake, ni mahali alipoweka meza, ama ni ushindani. Kumbe ni kwapa. Baada ya miezi michache mashini aliyopewa mwisho wa mafunzo inafunikwa kitambaa na kusukumwa pembeni ya nyumba, kisha siku mtoto anapougua inauzwa kwa bei ya kutupa. Wanaoishi katika kartiye zenye wahamaji wengi wanazijua mashini za namna hiyo. Kila moja ilianza na picha nzuri na makofi mengi.

Kuna kundi jingine, la wanaocheka. "Hii ni kanzu ama ni gunia?" Hao nao hawajasema kitu. Gunia wapi: kiunoni, kifuani, mgongoni? Mtu aliyefundishwa na kicheko hajui ashike mkasi upande gani. Tena wengi wa wanaocheka hawajawahi kuingiza uzi katika tundu la sindano, na hilo si siri.

Basi nguo ya kwanza iangaliwe vipi? Kwanza, picha haitoshi. Picha inaonyesha rangi na tabasamu. Nguo inabidi kushikwa, na jambo la kwanza ni kuigeuza ndani nje, kwa sababu ndani ndiko fundi anakoonekana. Je, kingo za kitambaa zimefungwa kwa uzi ili zisichanike, ama zimeachwa zikining'inia nyuzi? Je, kila mshono ulipigwa pasi kabla ya kushona unaofuata, ama pasi ilipitishwa mara moja tu mwishoni, kwa ajili ya picha? Je, aliacha nafasi ya kitambaa pembeni mwa mshono? Fundi mzee huacha vidole viwili hivi mbavuni, kwa sababu mwanamke hunenepa, hupungua, hupata mimba, na nguo inayoweza kuachiliwa ni nguo ya miaka. Mwanafunzi anayetaka kubana kitambaa anakata karibu sana na mshono, na kosa likitokea hakuna pa kwenda.

Kisha nguo ivaliwe na mtu anayefanya kazi. Hapa Ituri mwanamke hasimami siku nzima mbele ya ukuta. Anyanyue mikono kama anayejitwisha beseni kichwani. Ainame kama anayechota maji na bidoni. Aketi kwenye kiti kifupi cha jikoni. Afunge mtoto mgongoni. Hapo ndipo nguo inasema yenyewe. Kama kanzu yote inapanda juu anaponyanyua mkono, wengi hudhani kwapa limebana, wanamwambia msichana aliongeze kwa kukata chini. Mara nyingi ni kinyume. Kwapa lililokatwa chini sana ndilo linalonyanyua nguo nzima, kwa sababu mkono ukipanda unauvuta ubavu pamoja nao. Ushauri mbaya unaotolewa kwa nia njema unaharibu kitambaa kama kicheko kinavyoharibu moyo. Asiyejua aseme alichokiona tu: ikinyanyuka hapa, inanibana hapa. Sababu aitafute fundi.

Vitenge navyo vina mitego yao. Chenye ndege au maua yanayoelekea upande mmoja hakikunjwi ovyo kabla ya kukata. Mbele ndege wataruka juu na nyuma watatembea kichwa chini. Kitambaa kipya kina wanga unaokifanya kiwe kigumu na kizuri mkononi, kisha kikifuliwa kinalegea, na pamba nyingine hupungua. Aliyekata bila kufua kwanza atamwona mteja akirudi baada ya wiki na nguo isiyofungika zipu. Kitambaa kilichokatwa mshazari bila kukusudia hujipinda mwilini. Mshono wa ubavu unakwenda kukaa mbele ya paja. Haya yote yanaonekana kwa macho, bila diploma. Inatosha mtu atazame nguo badala ya kutazama simu.

Swali la kitambaa ni swali la makuta. Kipande kizima cha kitenge ni yadi 6, nusu yake yadi 3, na kwa familia inayongojea siku ya kugawa chakula, hata nusu kipande ni uamuzi wa mezani. Kilichokatwa vibaya hakiunganiki. Ndiyo maana maoni yanayokuja baada ya picha yamechelewa. Maoni ya kwanza yangetolewa juu ya patroni ya karatasi, hata kama ni karatasi ya mfuko wa simenti, na juu ya shuka kuukuu iliyoshonwa kwa mkono ili kujaribu. Mwalimu anayewaambia wanafunzi wakate kitenge kipya wiki ya tatu ili wafadhili waone matokeo, anawapa wafadhili picha na kuwapa wazazi hasara.

Watasema kwamba kukosoa ni kazi ya mwalimu. Ni kweli, na katika shule za ufundi zenye idara ya kukata na kushona kuna juri inayotazama kazi ya mwanafunzi kabla ya kumaliza. Lakini katika mafunzo mafupi ya wahamaji mwalimu mmoja huwa na wanafunzi wengi kuliko mashini, na mashini moja ikikatika mkanda siku imekwisha. Hawezi kumvalisha kila mtu, kumzungusha na kumfumua.

Kumbe juri ipo, imekaa nje ya hema. Kina mama waliokuwa wasichana miaka ya 1970, wakati Mobutu alipotaka wanawake wavae vitenge na suruali ikakataliwa kwao, walikua ndani ya libaya. Walivaa libaya shuleni, kanisani, kwenye matanga, kwenye harusi. Wanajua mkono wa libaya unapaswa kusimama wapi begani, na kitenge cha juu kinafungwaje bila kuficha kiuno. Nchi ilikuwa na viwanda vyake vya nguo: Sotexki kule Kisangani, Filtisaf kule Kalemie, na wao waligusa vitambaa hivyo kabla soko halijajaa vya kutoka China. Leo wengi wao wanahesabiwa kama "watu dhaifu" katika orodha za misaada. Hakuna anayewaita kutazama nguo. Jumamosi moja kwa mwezi, wanawake watano wa umri huo, kioo kirefu kimoja na nguo za wanafunzi: gharama yake ni chai. Mashirika yanayolipia mafunzo yangeweza kuanza na hilo kabla ya kuchapisha vyeti.

Mahali pa kusemea nalo ni jambo. Kasoro haitangazwi katika kundi la watu arobaini. Anayeiona amfuate msichana kwake, au amwandikie peke yake: mwanangu, nimeona bega, njoo tulitazame. Kundini kuna cha kusema pia, ila kiwe kitu maalum. "Pindo lako limenyooka" ni neno dogo ambalo fundi mchanga atalikumbuka mwaka mzima, kwa kuwa anajua alivyolihangaikia. "Umependeza sana" amelisikia hata siku alipovaa nguo ya kuazima.

Na kuna wale wanaomaliza sifa zao kwa kusema: basi unishonee na mimi. Bila kuleta uzi, bila kutaja franka moja. Shangazi akishonewa bure, na jirani naye bure, na mke wa mchungaji naye bure, msichana amemaliza miezi mitatu na mafuta ya mashini yamekwisha. Mtu asiye na makuta aseme hana, alete uzi na zipu, au amchotee maji siku anaposhona. Hilo nalo ni malipo, na linampa haki ya kulalamika kama mkono umekuwa mfupi.

Turudi kwa lile bega. Kosa lenyewe ni dogo. Kinachohitajika ni kufumua mkono wa nguo, kupima kutoka shingoni hadi mwisho wa bega pande zote mbili, kuchora upya kwa chaki au kipande cha sabuni kavu, kushona tena kwa uzi wa mkono kwanza, kuvaa, kutazama, ndipo kurudi kwenye mashini. Ni kazi ya alasiri moja, kama aliacha nafasi ya kitambaa. Mafundi wa zamani waliojifunza kwa kukaa karibu na mkubwa wao wanajua neno walilolisikia kuliko yote: fumua. Hawakulichukua kama tusi. Walifumua mara tatu, ya nne wakaambiwa wapige pasi.

Mwezi wa tisa watoto wanarudi shuleni, na kila mmoja anahitaji shati jeupe na sketi au suruali ya buluu. Hakuna nguo bora ya kumjaribia fundi mchanga kuliko hiyo: kitambaa chake si cha bei ya kitenge, modeli haibadiliki, na mtoto atairarua mapema kama mshono ni mbovu. Mzazi mwenye watoto watatu hahitaji kumpa zote tatu kwa mkupuo. Ampe shati moja mwezi wa saba, alilipie, mtoto alivae wiki mbili akicheza mpira, kisha alirudishe likiwa limegeuzwa ndani nje, na amwonyeshe fundi kwa kidole palipofumuka. Mashati mengine mawili yafuate.