Mzungu wa wiki sita

Nina jambo limenikaa rohoni, nikaona leo nilimwage hapa hapa kijiweni kwetu tulijadili.

Kanisani kwetu hapa Dar huwa wanakuja vijana wa Kizungu wa kujitolea. Wanafundisha chekechea wiki tatu, wanapaka rangi ukuta, wanapiga picha na watoto, kwaheri. Ukuta ule umepakwa rangi mara nyingi mpaka nadhani umenenepa. Sisi vijana wa kwaya huwa tunawacheka pembeni. Wiki tatu unamfundisha mtoto nini, bwana?

Basi Mungu naye ana utani wake. Mwaka 2023 kanisa likaamua na sisi tutume vijana nje, wakafundishe shule kwa wiki sita. Jina langu likatoka. Mimi huyu huyu, mwenye divisheni foo yangu, ambaye hapa mjini hakuna shule ingenipa hata kengele nigonge!

Nikawatangazia washikaji maskani kwamba natoka nje. "Nje wapi?" Nikasema Malawi. Walicheka mpaka mzee wa kahawa akaunguza vidole. "Malawi ni nje, au ni Kyela ya mbele?" mmoja akauliza.

Hakukosea sana. Unakula basi mpaka kiuno kinalia, Mbeya unaipita, unashuka Kasumulu, unavuka daraja la mto Songwe, tayari uko ughaibuni. Ng'ambo ile wako Wangonde, ambao lugha yao na Kinyakyusa ni mtu na nduguye. Mpaka waliuchora Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, wenye mashamba hawakuulizwa. Mimi bibi yangu ni wa Tukuyu, basi "ndaga" zangu mbili tatu zikanifungulia milango, na ugali wao unaoitwa nsima nikaushambulia kwa usipa kama niko kwetu.

Ila kasheshe hazikukosa. Siku ya kwanza nikadamka, tai shingoni, nikafika shuleni sikuti mtu ila mbuzi. Nikajisemea hawa wenzetu wavivu kweli. Kumbe Malawi wako nyuma yetu kwa saa moja, na saa yangu ya mkononi ilikuwa bado iko Dar! Nilikaa na wale mbuzi saa nzima.

Siku ya tatu nikachora ramani ubaoni, nikaandika "Ziwa Nyasa". Darasa zima likapiga kelele, "Lake Malawi, sir!" Nikakumbuka ubishi wa mpaka kati ya serikali zetu, nikaona nisije nikaanzisha vita na mshahara wenyewe sina. Nikafuta, nikaandika "Ziwa" basi.

Sasa tuje kwenye darasa lenyewe. Lilikuwa la nne, watoto 97, madawati hayatoshi, nusu wamekaa sakafuni. Usishangae. Malawi ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 1994, ilipoingia vyama vingi, na wanafunzi wakaruka kutoka karibu milioni 1.9 hadi karibu milioni 3. Kwa ghafla hivyo, madarasa yatatoka wapi? Walimu je?

Mwenye darasa alikuwa mama mmoja mtu mzima, wote wanamwita Madam. Kiswahili chake alikiokota sokoni Kyela. Nilipompa shikamoo akacheka, akaitikia, halafu akanikabidhi chaki. Kipindi cha Kiingereza na cha hesabu vikawa vyangu, yeye akakaa nyuma kusahihisha madaftari.

Msomaji wangu, nilikamua! Nyimbo, michezo, vichekesho. Na silaha yangu kubwa ilikuwa pipi. Nilinunua mfuko mzima Karonga mjini, kila anayejibu swali sawasawa anapata moja. Mikono ilikuwa inapanda kama msitu. Wa madarasa mengine wakawa wanachungulia dirishani. Jioni natuma picha kwenye grupu la kanisa, huko nyumbani ni "Haleluya, mtumishi!" Kichwa kikavimba.

Wiki ya tatu, Jumamosi, wakanipeleka kutembea Livingstonia. Ni juu mlimani, unapanda kutoka Chitimba kwa barabara yenye kona 20, kila kona roho inatangulia. Huko ndiko Wamisionari wa Kiskoti walikohamishia kituo chao mwaka 1894, baada ya malaria kuwamaliza kule chini ziwani. Mkubwa wao, Dk. Robert Laws, aliingia nchi ile mwaka 1875 akaondoka mwaka 1927. Piga hesabu. Miaka 52! Mtu mzima nikatazama ile nyumba yake ya mawe, nikakumbuka wiki zangu sita, nikawa mdogo kama pilipili. Lakini nikajipa moyo. Yule ni yule, zama zile zimepita.

Jumatatu nikapata mafua, sauti haitoki. Madam akachukua kipindi, mimi nikakaa nyuma. Akauliza swali la kugawanya. Kimya. Akauliza tena. Kimya. Halafu mtoto mmoja wa mbele akanyoosha mkono, si kwa ajili ya kujibu. Alikuwa ameufungua kiganja, anasubiri pipi kwanza.

Darasa likacheka. Madam hakucheka. Mimi niliishiwa pozi.

Mchana akaniita chini ya mwembe. Nilijua nasemwa. Hakunisema.

"Mwanangu, pipi zimebaki ngapi?"

"Nusu mfuko, Madam."

"Na wewe umebakiza wiki ngapi?"

"Tatu."

"Vikiisha vyote viwili, mimi nitawapa nini hawa?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea taratibu, kama mtu anayepepeta mchele. Akaniambia hata yeye alianza kama mimi. Ada zilipofutwa mwaka 1994, serikali yao iliajiri vijana waliomaliza sekondari kwa maelfu, ikawapa mafunzo ya wiki chache tu, ikawatupa darasani. Yeye alikuwa mmoja wao, msichana hajui hata kushika chaki. Mafunzo kamili aliyapata baadaye, huku anafundisha. Kwa wazee wetu hapa nyumbani hiyo ni hadithi ya walimu wa UPE.

"Tofauti yetu ni moja tu, mwanangu," akasema. "Mimi sikuwa na basi la kurudi."

Miaka 29, msomaji wangu. Hapigwi picha, hapelekewi haleluya, na wageni kama mimi kila wakija wanamsogeza nyuma ya darasa lake mwenyewe.

Zile pipi nikampa aweke ofisini kwa ajili ya sikukuu. Kuanzia siku ile chaki ikarudi kwake. Mimi nikaomba wale ambao hawajui kusoma kabisa, wakatoka kumi na moja, tukawa tunakaa chini ya mwembe kila siku, silabi kwa silabi, bila nyimbo wala mbwembwe. Picha sikupiga. Huko kwenye grupu wakauliza, mtumishi vipi, umeugua?

Sitakudanganya kwamba wote kumi na moja walijua kusoma. Watatu tu ndio walioshika. Wanne walikuwa njiani. Waliobaki nao niliwaacha pale pale.

Siku ya kuondoka waliniimbia. Katoto kamoja ka wale wa mwembe, ka kiume, kakanishika suruali, kakauliza kitu kwa lugha yao. Madam akanitafsiria, "Anauliza utarudi lini." Nami, kama ilivyo desturi yetu mijitu ya mjini, nikajibu haraka haraka, "Mwambie karibuni tu."

Madam akanitazama. "Hilo silitafsiri," akasema. "Likiwa kweli, njoo umwambie mwenyewe."

Basi la Kyela nililipanda sina sauti, na safari hii si mafua.

Ninayaandika haya kwa sababu wiki iliyopita kanisani wametangaza tena, wanataka vijana wa misheni. Nikaenda kwa katibu, nikasema naenda, ila shule ile ile, darasa la mama yule yule. Akaniambia haiwezekani, safari hii vijana wanapelekwa kwingine, "ili nanyi mpate kuona sehemu mbalimbali". Nikamuuliza, kwani safari ni ya kwetu au ya wale watoto? Akaniambia kaka, usilete siasa.

Sasa nishauri wewe msomaji wangu. Niende huko kwingine nikaanze upya na watoto wengine, au nauli nijichangishe mwenyewe, nikamtazame yule mtoto? Jina langu nimewaambia walishikilie kwanza. Wale wa kuniambia "acha ushamba, panda basi", nanyi pia niandikieni kupitia gazeti hili, nitasoma zote.

Ila nikirudi kule, pipi sibebi.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.