Lakiri ya Meno si ya Watoto Pekee

Mkenya akitaja habari za kwenda kwa daktari wa meno, vitenzi viwili ndivyo hutangulia kinywani mwake: kung'oa na kuziba. Amekwenda kung'olewa jino, au amekwenda kuzibwa jino. Vyote viwili ni vitenzi vya msiba uliokwisha kutokea. Jino limeoza, maumivu yamemnyima mtu usingizi, na lililobaki ni kuchagua kati ya kulipoteza na kulitia kiraka. Kitenzi cha tatu, cha kulikinga jino lingali zima, hatuna. Na panapokosekana neno, aghalabu hukosekana pia mtu wa kuidai huduma yenyewe.

Huduma hiyo ipo, tena si ngeni. Ni ile ya kuifunika kwa utando mwembamba mianya iliyo juu ya magego, ili sukari na vijidudu visipate pa kujificha. Madaktari wetu huitaja kwa Kiingereza. Nikiiita 'kuziba', msomaji atadhani nasema habari za jino lililotoboka, naye ataniuliza kwa haki: jino langu ni zima, unaziba nini? Kwa hiyo, hadi wakuzaji wa istilahi watakapotupa neno bora, nitaiita lakiri. Neno hili tulilipata kwa Wareno, nalo limekaa bure tangu nta ya kufungia barua ipitwe na wakati. Mwalimu yeyote aliyewahi kusimamia mtihani anaijua maana yake: bahasha hufungwa kabla karatasi haijaibwa.

Kinachonifanya niandike ni kauli moja inayorudiwa mno, kwamba lakiri ni ya watoto. Mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa miaka 20 ambaye tayari ameng'olewa gego moja, aliulizia huduma hii katika kliniki moja ya mjini. Alijibiwa kuwa umri wake umepita, arudi jino jingine litakapomuuma. Arudi litakapomuuma! Sijui fani nyingine ya uganga ambamo mgonjwa hushauriwa kuusubiri ugonjwa ambao njia ya kuuzuia inajulikana.

Kauli hiyo haikuzuka hivi hivi. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na umri wa miaka 6 hivi, na la pili akikaribia miaka 12. Jino lililoota karibuni huwa halijakomaa gamba lake, na mtoto naye hajui kupiga mswaki ipasavyo. Ndiyo maana kampeni za umma katika nchi nyingi zililenga shule za msingi, na ushahidi mwingi tulio nao ukatoka huko. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa hueleza kuwa lakiri huzuia takriban asilimia 80 ya matundu ya magego katika miaka miwili ya kwanza, na huendelea kukinga asilimia 50 hadi miaka minne. Hizo ni takwimu za watoto. Walioweka kikomo cha umri walikuwa wakigawa fedha chache kwa walio wengi, na uamuzi huo wa mhasibu sasa unanukuliwa kana kwamba ni sheria ya maumbile.

Hebu tulitazame gego lenyewe. Uso wake wa kutafunia si bapa. Una vilima na mianya, na baadhi ya mianya hiyo ni myembamba kuliko unywele mmoja wa mswaki. Upige mswaki mara tatu kwa siku ukitaka, unywele hautafika chini. Dawa ya meno yenye floraidi, ambayo hakuna anayeweza kuidharau, huyasaidia zaidi maeneo laini ya jino kuliko vishimo hivyo. Kimiminika cha sukari hupita pale ambapo mswaki haupiti, vijidudu vikaigeuza sukari kuwa asidi, na asidi ikalila gamba la jino taratibu. Wala mwanya haujui kusoma kitambulisho. Hauzibiki wenyewe siku mwenye jino anapotimiza miaka 18.

Tena kuna magego ambayo hayamngoji mtoto. Gego la mwisho huota aghalabu kati ya miaka 17 na 25, umri ule ule wa wanafunzi wa vyuo, na huota nyuma kabisa ambako mkono wa mpiga mswaki hufika kwa shida. Wengine hulazimika kuling'oa kwa kuwa limeota upande. Lakini yule ambaye lake limesimama sawasawa ana jino jipya kama la mtoto wa miaka 6, na hakuna anayemwambia hivyo.

Kazi yenyewe haina keekee wala sindano ya ganzi. Jino husafishwa, hupakwa asidi laini kwa nusu dakika au pungufu, huoshwa na kukaushwa. Kisha hutiwa kimiminika kinachotiririka hadi ndani ya mianya, na kikamulikwa kwa taa ya samawati mpaka kigande. Adui mkubwa ni mate, kwani jino likilowa kabla ya kutiwa dawa, lakiri hubanduka mapema. Asili yake inapendeza. Mwaka 1955, Michael Buonocore wa Rochester, jimbo la New York, alichapisha utafiti wa kulikwaruza gamba la jino kwa asidi ili plastiki ishike. Wazo alilipata viwandani, ambako chuma kilitiwa asidi ya aina hiyo kabla ya kupakwa rangi. Mwaka 1967 yeye na mwenzake Cueto wakatoa matokeo ya kuifunika mianya ya magego kwa njia hiyo.

Nisieleweke visivyo. Sidai kwamba kila mtu mzima akimbilie lakiri. Mtu wa miaka 45 ambaye magego yake hayajawahi kuoza huenda asiihitaji kamwe, na ushahidi kuhusu watu wazima ni mchache kuliko ule wa watoto. Lakiri haizuii kuoza kunakoanzia kati ya jino na jino, haitibu ufizi, na yahitaji kukaguliwa kila mara kwani huweza kulika. Ninachodai ni kuwa kipimo kiwe hali ya jino na mazoea ya mwenye jino. Aliyekwisha kupoteza gego moja kwa kuoza, anayetumia dawa zinazomkausha mate, anayekunywa soda kila siku na, niruhusiwe kuongeza, mwalimu asiyeweza kuikosa chai ya saa nne yenye vijiko vinne vya sukari, hao wana sababu ya kuulizia.

Wapo pia wanaohofia kwamba jino lililokwisha kuanza kuoza likifunikwa, mwizi atakuwa amefungiwa ndani ya nyumba. Hofu hii ina mantiki, ila imejibiwa. Mwaka 2008 jopo la Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani lilipendekeza lakiri hata juu ya dalili za mwanzo za kuoza, maadamu tundu halijafunguka, na likawataja vijana waliovuka utoto pia. Mwizi aliyefungiwa bila chakula hudhoofika. Tafiti zimeonyesha vijidudu vikipungua chini ya lakiri iliyoshika vizuri.

Hapa kwetu, utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya watatu ana meno yaliyooza. Pengo la mbele huonekana na husikika, kwani sauti za th na dh huharibika na wanafunzi hucheka. Pengo la nyuma hulijua mwenyewe tu, atafunapo, na labda ndiyo sababu tunayapuuza magego. Lakini anayelipia mzizi wa gego kutibiwa na gego lenyewe kuvikwa taji hapuuzi, maana gharama hiyo huyashinda mapato ya walimu wengi, sembuse ya mwanafunzi. Naye huishia kung'oa.

Wala tusiseme kwamba haya ni mambo ya nchi zenye mitambo. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, Jo Frencken na wenzake waliokuwa Dar es Salaam walianzisha mbinu ya kutibu meno kwa vifaa vya mkono visivyohitaji umeme, mbinu ambayo baadaye ilikuja kutumia saruji ya glasi-ayonoma inayokandamizwa kwa kidole hadi iingie katika mianya iliyo jirani na tundu. Mbinu hiyo ilienea duniani kutoka Afrika Mashariki. Saruji hiyo iliingizwa mwaka 2021 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Haishiki kwa muda mrefu kama plastiki, lakini huvumilia unyevu, na maafisa wa afya ya kinywa wanaofunzwa katika vyuo vyetu vya utabibu wangeweza kuipeleka katika zahanati za vyuo vya ualimu bila ya kungoja daktari bingwa.

Kinachokosekana ni mlipaji. Fomu ya bima ninayoijaza mimi inataja kung'oa na kuziba, vitenzi vyetu vile vile viwili, na kinga imeachwa nje. Vyama vya walimu hujadiliana kuhusu bima kila mkataba unapokaribia kwisha, na vyama vya wanafunzi huitwa kutoa maoni ada ya matibabu inapopangwa. Mjumbe atakayeketi katika meza hiyo aulize kwa maandishi: je, gego la mwanachama wa miaka 22, ambalo ni zima lakini lina mianya mirefu, litalipiwa kinga sasa, au litalipiwa kung'olewa baadaye? Jibu nalo litolewe kwa maandishi.