Uvimbe wa korodani: rufaa zimepungua, usisubiri uume

Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mwezi Januari 2025, huduma za afya katika kambi na makazi mengi ya wakimbizi Afrika Mashariki zimebanwa. Wahudumu wamepungua, na rufaa za hospitali kubwa zinachujwa: wa dharura hutangulia, wengine husubiri. Wanaume wenye uvimbe kwenye korodani wako hatarini zaidi, kwa sababu wengi huuficha kwa aibu mpaka mambo yaharibike.

Uvimbe huu si laana, wala si wa aina moja. Busha ni maji yanayojikusanya kuzunguka korodani. Mara nyingi haliumi, na daktari akimulika kwa tochi, mwanga hupenya. Ngiri hushuka kutoka tumboni na hutokeza zaidi ukikohoa au kunyanyua mzigo. Maambukizi, yakiwemo ya kisonono, huleta maumivu na pengine homa. Hutibiwa kwa dawa, na mwenzi wako atibiwe pia. Saratani huanza kama kinundu kigumu kwenye korodani yenyewe, mara nyingi bila maumivu, na huwapata zaidi wenye miaka 15 hadi 40. Kwa hiyo kutouma si usalama. Ikigunduliwa mapema, wengi hupona.

Mambo mawili hayasubiri asubuhi: maumivu makali ya ghafla, hasa kwa kijana, kwani korodani iliyojisokota huokolewa vizuri ndani ya saa 6, na ngiri iliyokwama, isiyorudi ndani, yenye maumivu na kutapika.

Kuchuja rufaa kunaonekana kuokoa fedha. Lakini ngiri inayopasuliwa kwa mpango ni nafuu kuliko ile inayofika usiku utumbo umeshaoza. Anayechelewa huigharimu familia yake na pia kituo kinachowahudumia wakimbizi na wenyeji.

Basi ukifika kituoni, sema wazi: ulianza lini, unakua, unauma, ni mgumu au ni maji. Maelezo hayo ndiyo yanayomsaidia mhudumu kuamua nani aende kupigwa picha ya ultrasaundi. Ukiambiwa usubiri, uliza urudi lini na dalili gani zikurudishe mapema. Usikubali mtu akutoboe kwa sindano mtaani. Na wewe mama au mke, ukimwona anatembea kwa shida, mwulize. Huenda anangoja kuulizwa tu.