Si Kila Goti Lina Baridi Yabisi

ASKARI aliyezoea gwaride hana haja ya kufundishwa maumivu ya goti. Miaka ya kukimbia na mzigo mgongoni na kusimama lindo usiku kucha hudai malipo yake. Lakini tumezoea mno kuyaita maumivu yote baridi yabisi, na kuyatibu yote kwa vidonge vya dukani ambavyo, vikitumiwa ovyo, huharibu tumbo na figo. Madhara ya mazoea hayo tunayatazama leo kwa majirani zetu wa Malawi, katika kambi ya Dzaleka.

Dzaleka iko wilaya ya Dowa, chini ya kilomita 50 kutoka Lilongwe. Zamani ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Tangu 1994 ni makazi ya wakimbizi, wengi wao wakitoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili husikika kila pembe. Ilitengenezwa kwa watu wapatao 12,000. Wamekwisha kupita 50,000. Machi 2023 Serikali ya Malawi iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi humo, na utekelezaji ukaangukia mikononi mwa askari wenzenu.

Msongamano huo unahusianaje na viungo? Vijidudu vya koo huenea upesi pale watoto wengi walalapo chumba kimoja. Mtoto huumwa koo, hupona, na baada ya wiki mbili tatu hupata homa na maumivu yahamayo kutoka goti hadi kifundo, kutoka kifundo hadi kiwiko. Mama humkanda kwa maji moto, na maumivu huisha kweli. Viungo hupona, moyo ndio unaobaki na kovu. Penisilini itolewayo mapema, koo lingali likiuma, huzuia balaa hilo. Aliyekwisha kuugua huhitaji sindano kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi.

Kwa mtu mzima, goti lililochakaa huuma kwa kazi na hutulia kwa mapumziko. Tiba yake ya kwanza ni kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzito, neno wasilopenda kulisikia baadhi ya masajini wetu. Vidole vya mikono yote miwili vikikakamaa kila asubuhi kwa saa nzima, hiyo huenda ndiyo baridi yabisi yenyewe, nayo yataka daktari. Lakini kiungo kimoja kikivimba na kuwaka moto, na mgonjwa ana homa, pasingojewe kukuche. Huenda mna usaha, nao hula gegedu kwa siku chache tu. Daktari hana budi kuvuta maji ya kiungo kwa sindano na kuyapima.

Kazi hiyo yataka hospitali kubwa, kama Hospitali Kuu ya Kamuzu mjini Lilongwe, na mkimbizi atokaye kambini hutakiwa kuwa na kibali. Sheria ni sheria, wala hatumwambii askari aivunje. Tunasema barua ya rufani ya kituo cha afya isomwe kwanza, maswali yafuate. Mwenye goti lililovimba na homa asishushwe garini kumngoja mkubwa wa zamu. Na wakuu wa vikosi vyetu walio karibu na kambi kama Nyarugusu waliandike jambo hili katika maagizo ya zamu.