Picha Yako, Shamba la Babaangu

Muhula uliopita jumuiya yetu ya wanafunzi ilitupeleka Jozani. Basi lilijaa, nyimbo njia nzima. Tulipoteremka tu, kima punju walikuwa juu ya miti kandoni mwa barabara, na kila mtu simu mkononi. Mwenzetu mmoja akafungua pakiti ya biskuti, akamnyooshea kima mdogo ili apate picha nzuri. Muongozaji akamkataza kwa upole. Watu wakacheka, safari ikaendelea.

Mimi nilinyamaza. Nimezaliwa kijiji cha jirani na msitu ule, na kwetu mnyama yule hatajwi kwa furaha. Babaangu akimwona juu ya mnazi humwita mwizi, tena kwa sauti. Siku ile niliona haya kuwaambia wenzangu kwamba hao wanaowapiga picha, asubuhi walikuwa shambani kwetu wanakula. Leo nasema.

Kwanza nimpe mnyama haki yake. Kima punju asili yake ni Unguja tu, si kwengine popote duniani. Sensa iliyochapishwa 2019 ilihesabu zaidi ya 5,800. Jamani, hao hawajazi hata nusu ya uwanja wa Amaan. Tukiwapoteza hapa, hakuna nchi ya kwenda kuomba mbegu.

Na ana maajabu yake. Chakula chake ni majani machanga na matunda mabichi; tumbo lake halikuumbwa kwa vitu vitamu, hata tunda bivu linamshinda. Kwa hiyo ile biskuti haikuwa ukarimu. Zaidi ya hayo anakula mkaa! Majani ya mwembe na mkungu yana dawa kali ndani yake, na mkaa humsaidia kuipunguza nguvu. Watafiti wameliandika hilo, lakini sisi tulilijua tangu utotoni: nilikuwa nikiwekwa na bibi kulinda mkaa jikoni, nikizubaa kidogo tu umeshachukuliwa.

Barabara ya kwenda kusini inapita ndani ya makaazi yao, na zamani gari zilikuwa zikiwagonga ovyo. Miaka ya 1990 yakawekwa matuta, na vifo vikapungua sana. Dereva wa daladala atanung'unika, lakini anachopoteza ni dakika. Mkulima je, anapoteza nini?

Hapa ndipo ugomvi wetu nyumbani ulipo. Nilipokuwa mwaka wa pili nilisoma utafiti wa Siex na Struhsaker wa 1999 kuhusu kima punju na minazi. Waligundua kwamba pale kima walipokula vidaka na vitale kwa wingi, mavuno ya nazi hayakushuka, bali yalikuwa mazuri zaidi. Ni kama kupunguzia: mnazi huangusha vidaka vingi wenyewe, na vinavyobaki hupata nafasi. Nikarudi nyumbani mbio kumweleza babaangu, msomi nimefika! Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sawa mwanangu, hizo nazi. Na maembe yangu waliyahesabu?"

Sikuwa na jibu. Ni kweli kwamba lawama nyengine anabebeshwa bure, maana wapo kima wa kawaida wanaopenda matunda mabivu, na wakishaiba hukimbia. Punju hukaa hapo hapo akaonekana. Lakini mtu anayetazama embe changa zikianguka chini zimetafunwa nusu hatulizwi na jina la kisayansi.

Wengine watasema wanavijiji wananufaika. Ndiyo, na nisiwadhulumu wahusika. Jozani na Ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya taifa tangu 2004, kiasi cha kilomita za mraba 50, na sehemu ya mapato ya wageni hurudi vijijini kwa miradi ya jamii. Mimi mwenyewe ni shahidi kwamba fedha ya kijiji husaidia. Ila tazama hesabu yake. Faida ya mradi inagawanywa kwa kijiji kizima, hata kwa asiye na mche mmoja. Hasara haigawanywi. Inakaa kwa wale wachache wenye mashamba ukingoni mwa msitu, na wao ndio wanaomlisha mnyama tunayemwita fahari ya Zanzibar.

Maoni yangu ni haya: katika kila fungu linalorudi vijijini, wa kwanza kufikiriwa awe mwenye shamba la ukingoni. Alipwe kwa miti anayoiacha kima wale, ukaguzi ufanywe na kamati ya kijiji chenyewe, waziwazi, watu wakishuhudia. Mkulima akijua kwamba kima aliye juu ya mwembe wake ana malipo, hatamwita mwizi. Atamwita mpangaji.

Na sisi wanafunzi tuna sehemu yetu. Kumlisha na kumsogelea kwa ajili ya picha tuache, muongozaji asilazimike kutuambia mara mbili kama watoto wa skuli. Tunaosoma utalii na mazingira tuache pia kuandika ripoti za Jozani bila ya kukaa na mkulima hata mmoja. Tunamhesabu kima, aliyemlisha hatumuulizi.

Kwa hiyo naiomba kamati ya safari. Muhula ujao tukienda tena, tusiishie getini. Tuzidishe saa moja, tupite kwa babaangu na majirani zake, kila mmoja na daftari lake. Watasema mengi, na mengine hatutayapenda. Madafu yatakuwepo, ya kununua. Biskuti acheni bwenini.