Punda ni Nani?

Wako watu ambao kila wasikiapo msanii amegombana na kampuni iliyomtoa, husema upesi: shukrani ya punda ni mateke. Watu hao na waitazame safari ya Nine Inch Nails, bendi ya Marekani ipigayo roki ya kiviwanda, yaani muziki wenye vishindo vya mitambo, kisha watuambie punda ni nani na mzigo alibeba nani.

Mwaka 1988 Trent Reznor, mwenye bendi hiyo, alikuwa msaidizi na mfagiaji katika studio moja mjini Cleveland. Mwenye studio alimwachia mitambo saa zisizo na wateja, naye akarekodi karibu kila ala peke yake. Hiyo ndiyo fadhila. Kampuni ya TVT ilikuja baadaye, na mkataba mkononi. Albamu ya kwanza, Pretty Hate Machine, ilitoka 1989, ikaja kuuza zaidi ya nakala milioni moja. Lakini kazi iliyofuata, Broken ya 1992, Reznor alianza kuirekodi kwa siri, kwa majina ya bandia, ili kampuni isimwingilie. Je, mkulima huficha jembe akilima shamba lake mwenyewe?

Mtasema: bila kampuni nani angemjua? Kweli, kampuni hutangaza. Lakini kutangaza ni kazi yenye ujira wake, si hati ya kummiliki mtu. Reznor alipokuwa huru, bila mkataba, alitoa Ghosts I–IV mwezi Machi 2008: vipande 36, 9 vya kwanza bure, vyote kwa dola 5, na toleo la fahari kwa dola 300. Nakala zote 2,500 za toleo hilo zilikwisha kwa siku chache. Hizo peke yake ni dola 750,000, zilizolipwa kwa hiari.

Mwaka 2013 alitoa albamu kupitia kampuni kubwa ya Columbia, na wabishi watacheka. Wacheke. Aingiaye akiujua mlango wa kutokea si mtumwa. Mimi silaumu kampuni kuwapo. Nalaumu desturi ya kumtaka msanii ashukuru kwa kunyimwa kauli juu ya jasho lake. Ukiona punda anapiga mateke, mtazame kwanza mgongo.