Shingo nayo ni chombo cha kazi



Humu tunazungumzaka juu ya mbegu, angre na jembe. Leo nataka kusema juu ya shingo. Katika mikutano yetu hapa Likasi nasikia kila mara: "Agronomu, shingo inaniuma." Zamani ilikuwa jembe na mzigo wa kichwani. Sasa tumeongeza telefone.

Kosa ni letu pia, sisi ma-agronomu. Ni sisi tunatuma mesaji ndefu, picha za viwavi vya mahindi, fomu za kujaza. Mwandishi wa koperative analima asubuhi, na jioni anainama tena juu ya kioo kidogo.

Kichwa cha mtu mzima kinapima karibu kilo 5. Mwaka 2014, Kenneth Hansraj, daktari wa mgongo huko New York, alipiga hesabu: ukikiinamisha nyuzi 60, shingo inabeba sawa kilo 27. Ni kupita mfuko wa unga wa kilo 25! Nani atakaa jioni yote na mfuko ule?

Waganga wa viungo, wale tunaitaka kine, wana njia ya kukaza na kulegeza misuli. Kaa wima. Lalisha kichwa upande wa kushoto mpaka usikie inavuta. Weka mkono wa kushoto juu ya sikio la kuume. Sukuma kichwa kidogo tu kurudi kuume, mkono ukatae, kichwa kisisogee. Hesabu mpaka 5. Legeza, pumua, acha kichwa kishuke kidogo tena, ubakie hapo ukihesabu 20. Fanya mara 3, kisha upande mwingine. Ikiuma, acha. Na usikubali mtu akuvunje shingo ilie "kwa!". Mkono ukifa ganzi au ukikosa nguvu, au shingo ikikauka pamoja na homa, wende hospitali siku ile ile.

Lakini mazoezi peke yake hayatoshi. Mimi naona hivi: sisi tutume mesaji za sauti, fupi. Ninyi mugawane kazi ya telefone, isibakie kwa mtu mmoja, na muiinue mbele ya macho.

Mvua za mwezi wa 11 hazingojee mtu. Jembe likivunjika tunanunua lingine. Shingo, tutaiuzia wapi?